Mdudu wa Jino la Mchina

Chole, Mafia

Dada Zuhura, shikamoo.

Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo mzito. Hapa nilipanga chumba pamoja na Mchina mmoja mpole, mnunuzi wa majongoo ya bahari, aliyekaa pwani yetu hata akajua Kiswahili. Jino likamvimbisha shavu, hata uji haupiti.

Nikamwambia, "Kwetu twasema jino limeliwa na mdudu."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Akachora kwa mkaa ukutani neno la kwao la jino bovu. "Upande huu meno, upande huu mdudu. Wahenga wetu waliandika hivi tangu kale. Baba alinifundisha, alikuwa mng'oa meno."

Mganga alimng'oa lile jino, lakini usaha ulikwisha shuka shingoni. Ijumaa alifariki ameushika mkono wangu, akinena kwa lugha yao, nami nikiitikia tu.

Nilitaka kuwaandikia watu wake. Mji wa kwao hapa hakuna aliyeujua, na katika maandishi yao nilijualo ni neno hilo moja.

Dada, ukiumwa usinyamaze. Nibusie Mama mikono.

Nduguyo akupendaye,
Saidi