Mapipa Chini ya Namba Tisa

Jumatatu, 2 Juni
Nimekamua ng'ombe, nimepeleka chai kwa mafundi. Baridi kali. Kiwanda cha zamani kinazidi kubomolewa. Mabati yameisha, kuta zimebaki nusu. Patajengwa nyumba ishirini: mbele fremu ya biashara, nyuma vyumba vya kulala. Binti yangu Vero amepata namba tisa kwenye kura. Cherehani mbele, watoto nyuma. Anaimba akifua.

Jumatano, 4 Juni
Nimeona vigingi vya namba tisa. Ni nyuma ya stoo ya kiwanda.
Nilikuwa karani wa stoo kiwanda kilipofungwa. Meneja aliamuru tufukie pale mapipa ya dawa ya wadudu iliyoharibika. Niliyahesabu mimi, nikaweka sahihi. Sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.
Labda dawa imekwisha nguvu. Najidanganya.

Alhamisi, 5 Juni
Kisima cha nyumba zote kitachimbwa hatua chache kutoka pale. Injinia anasema wanaanza Jumatatu. Vero amenunua kitambaa cha pazia. Nimesifu rangi. Mwongo mimi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemkuta Mzee Gidabat akinywesha ng'ombe bondeni, chini ya kiwanda. Nikamwamkia shikamoo. Akatazama ujenzi, akakumbuka mwaka ndama wake walipokufa wote hapo hapo, mvua za kwanza baada ya kiwanda kufungwa.
"Nilimshuku ndugu yangu," alisema. "Nikasema ameniroga. Hatukusalimiana mpaka akafa."
Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikaaga.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani sikupokea komunyo. Vero akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia yote.
"Basi namba tisa hakuna," akasema. Baadaye, akiosha vyombo: "Kesho twende wote, mama."

Jumatatu, 9 Juni
Nimemwambia injinia. Amesimamisha mashine palepale. Mchana mkutano, ofisi ya kijiji. Mama mmoja aliyepata namba kumi alisimama mbele yangu: "Miaka yote hiyo ulinyamaza, unasema leo tulipopata nyumba?" Ana haki.

Alhamisi, 12 Juni
Wamekuja wataalamu wenye barakoa na glavu. Pipa la kwanza limetoka limetoboka. Harufu ile ile. Walionizomea mkutanoni wakawavuta watoto wao nyuma. Hakuna aliyenitazama. Nimeona aibu, na kifua kimekuwa chepesi. Vyote viwili.

Jumamosi, 14 Juni
Nimekwenda kwa Mzee Gidabat. Safari hii nilitaka kuikwepa kuliko hata mkutano. Nimemweleza habari ya mapipa, ya mvua, ya ndama. Alishika fimbo yake.
"Ndugu yangu hakufanya," akasema.
"Hakufanya, mzee. Ni sisi."
Akalia. Hakunifukuza, hakunisamehe. Akaniambia niende kwa mjane wa ndugu yake, nikamwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikaenda kwa miguu. Mjane alinisikiliza amesimama mlangoni, kisha akaingia ndani, akafunga.

Ijumaa, 27 Juni
Ramani mpya imebandikwa. Nyumba kumi na saba. Ile kona itazungushiwa uzio, hakuna kujenga wala kuchunga. Kisima kimesogezwa juu kule penye mwamba. Vero na wenzake wawili wamekosa. Aliyepata namba nne amekubali kumwachia nafasi ya cherehani kwenye fremu yake. Kulala, bado kwangu, wote chumba kimoja. Haimbi, lakini anaongea na mimi.

Jumapili, 13 Julai
Kumetulia. Mafundi hawafanyi kazi leo. Nimechambua maharage uani.
Yule mjane aliyenifungia mlango amepita akitoka gulioni. Nilidhani atapitiliza. Akasimama, akaomba maji. Nikampa kwenye kikombe changu. Akanywa yote taratibu, akanirudishia kikombe mkononi, akaendelea na safari yake.