Siku Bi Mwajuma Alipocheka

Jumatatu, 7 Juni 1954. Kisarawe.

Nimefagia wodi. Nimegawa uji. Nimetandika vitanda vyote isipokuwa cha Bi Mwajuma, kwa sababu hashuki. Amelala ameelekea ukutani tangu alfajiri. Nimemwamkia shikamoo. Hakuitikia. Hii ni wiki ya pili ya mazoezi yangu na sijasikia sauti yake.

Darasa letu la elimu ya nafsi limetawanywa mwezi huu. Mwalimu anataka tuone kwa macho yale tuliyoyasoma vitabuni. Wenzangu wamepelekwa shule za watoto wadogo. Mimi nimepangiwa hapa, chumba kimoja cha bati nyuma ya hospitali, wanakolazwa wanawake walioshikwa na maradhi ya akili. Nilipopangiwa nilifurahi. Niliona nimeaminiwa.

Kazi yangu ni kukaa na mgonjwa, kumzungumzisha, kisha kumwambia Sista Agata, msimamizi wa wodi, nilichoona. Si ninachodhani. Nilichoona. Mwalimu alitukazania sana jambo hilo. Daktari akikuuliza, jibu alichokuuliza, usiongeze lako.

Nilichoona leo: uji nusu bakuli. Maneno, hakuna.

Jumatano, 9 Juni.

Habari mbaya. Daktari anakuja kutoka Dar es Salaam Jumamosi ya wiki ijayo. Sista Agata anasema Bi Mwajuma asipokuwa amesema neno hadi siku hiyo, atapandishwa lori, kisha treni, mpaka hospitali kubwa ya bara. Nimeuliza watu hukaa huko muda gani. Sista akakunja shuka, akasema, "Wengine hukaa."

Sikupenda jibu hilo.

Mchana nimemsuka Bi Mwajuma nywele. Aliniachia kichwa kama mtoto. Nywele zake ni laini na zina mvi mbele tu. Nilimsimulia habari za nyumbani kwetu Misugusugu, za mama, za mbuzi wetu anayeingia jikoni. Mara moja nilihisi shingo yake inageuka kunisikiliza. Labda nilitaka tu iwe hivyo. Sikumwambia Sista.

Alhamisi, 10 Juni.

Siku ya wageni. Amekuja kaka yake Bi Mwajuma, Mzee Salumu, kutoka Janga. Ameketi ukingoni mwa kitanda na kofia mapajani. Hakuzungumza naye. Alizungumza nami, nje, kwenye kivuli cha ukuta.

Bi Mwajuma alikuwa na mtoto mmoja tu, Siwema. Alifariki kwa uzazi wakati wa masika. Kichanga nacho hakikukaa. Mama mtu alikuwa huku Kisarawe akimuuguza shangazi yake. Mvua zilikata njia, mabonde yote yakajaa, na habari ilimfikia imechelewa. Alitembea kwenye matope mpaka Janga. Alipofika matanga yalikuwa yameanuliwa. Mikeka imekunjwa, masufuria yamerudishwa kwa wenyewe, watu wako mashambani wanapalilia. Uani hapakuwa na mtu wa kulia naye.

Aliingia ndani akalala. Tangu siku hiyo hajasema.

"Tungemngoja," alisema Mzee Salumu. "Lakini binti yangu, watu wana mashamba." Hakunitazama aliposema hivyo.

Namhurumia. Pia namkasirikia. Sijui kama inaruhusiwa kuwa na yote mawili.

Jumapili, 13 Juni.

Nimejaribu kila tulichofundishwa. Kumwonyesha vitu na kuvitaja. Kukaa kimya nikamwachia nafasi aanze yeye. Kumpa kazi ya mikono. Nimempa ukili asuke. Ameushika tu.

Nilimtajia jina la Siwema, polepole. Akafumba macho.

Nimeenda nyuma ya jiko nikalia. Mpishi ameniona akajifanya anakoroga.

Jumanne, 15 Juni.

Hakuna. Leo hata uji hakugusa.

Alhamisi, 17 Juni.

Nataka kuandika kwa utaratibu. Mkono wangu hautaki.

Mchana alikuja mgeni wa Bi Mwajuma nisiyemjua. Mzee Kapera. Ni Mnyamwezi, alikuja zamani kukata mkonge, akabaki, na sasa analima jirani yake kule Janga. Alikuwa kwao Tabora msiba ulipotokea. Amerudi juzi ndipo akasikia.

Hakutoa pole. Alisimama katikati ya wodi, mikono kiunoni, akapaza sauti.

"We Mzaramo! Unalala mchana, nani anakufukuzia nguruwe shambani?"

Wagonjwa wote waligeuka. Bi Mwajuma hakutikisika.

"Nimepita kwenu nikaona kaburi. Ndiyo kazi gani ile? Mmemfukia mtoto juujuu kama kipande cha muhogo. Mnangoja achipue?"

Nilinyanyuka nimtoe nje. Kisha nikaelewa. Ni mtani wake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani ana haki ya kusema neno lolote. Babu yangu alipofariki, watani waliingia kaburini wakajilaza, wakakataa kutoka, wakasema nyumba ni nzuri wanahamia wao. Bibi yangu alicheka huku machozi yanamtiririka. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka kwamba baada ya hapo aliweza kula.

Bi Mwajuma akageuka kutoka ukutani. Polepole. Akamtazama.

"Mpagazi wewe," alisema.

Sauti yake ni nzito. Ilikwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu.

"Mpagazi, na hayo mabega yenye sugu. Ningekuachia mwanangu, ungembeba kama gunia la chumvi mpaka Tabora!"

"Ningembeba! Kuliko nyinyi mliomzika mama mtu hayupo. Hata kuku huzikwa na mwenyewe!"

Akacheka. Bi Mwajuma alicheka. Alishuka kitandani kwa miguu yake, akachukua bakuli la uji uliopoa, akammwagia Mzee Kapera kichwani. Mzee alipiga kelele kama anachinjwa, "Mzaramo ananiua!" Bi Mwajuma alizidi kucheka mpaka akashika kiuno. Halafu kicheko kikavunjika. Akaanza kuomboleza, "Siwema, mwanangu Siwema, nimekuja, nimechelewa." Alijitupa chini. Mzee Kapera alikaa naye sakafuni, uji unamdondoka masikioni, akamshika mkono, akawa analia naye.

Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata. Hayo ndiyo matanga yake. Yalimfikia.

Daktari alikuwa mlangoni.

Amekuja mapema, barabara ni kavu. Sista Agata alikuwa nyuma yake na funguo. Sijui walisimama pale tangu lini. Mzungu, mrefu, mpole, si mtu mbaya. Aliniuliza kwa Kiingereza mimi ni nani, nikamwambia. Akauliza kama niliona jambo hili tangu mwanzo. Nikasema ndiyo. Akauliza yule mwanamke alicheka habari ya kaburi la mtoto wake?

Nikasema ndiyo, bwana.

Akauliza, alimmwagia mgeni chakula?

Ndiyo, bwana.

Akaenda kitanda kingine. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake nikamweleza utani wote, wa babu yangu pia. Sista Agata akasema, "Ni desturi zao, Daktari, hata kwetu Upareni zipo." Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema desturi za kijijini anaziheshimu, lakini mama mwenye akili timamu hachekei kifo cha mwanawe. Kilio kile baada ya kicheko ndicho kilichomtia wasiwasi zaidi. Akasema mimi ni mwangalizi mzuri.

Lori ni kesho.

Ijumaa, 18 Juni.

Asubuhi nilimkuta ameketi, ameshanawa uso. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

Sikujua pa kuweka mikono yangu. Alikunywa uji wote. Aliniuliza mbuzi wetu bado anaingia jikoni. Kumbe alisikia yote siku ile.

Akauliza kama leo anarudishwa Janga, maana anataka kuliona kaburi, hajalikaribia hata siku moja. Ilinibidi mimi nimwambie. Sista alikuwa amekwenda bomani, ofisini kwa bwana shauri, kuomba Daktari apigiwe simu. Simu ilipigwa, lakini Daktari alijibu ameshaweka sahihi, mgonjwa akiendelea vizuri wataona huko huko.

Bi Mwajuma alisikiliza. Akasema, "Si nimeshasema jamani? Waambie nimeshasema."

Nikasema nimewaambia.

Askari aliyempandisha alikuwa na adabu, alimwita mama. Alipanda mwenyewe. Hakulia. Aligeuka akanitazama mpaka lori likakata kona ya bomani.

Nimetandika vitanda vyote.

Jumatatu, 21 Juni.

Mwalimu amekuja kunikagua. Daktari alimpa habari zangu njema. Eti nilijibu kwa usahihi bila kuongeza. Amesema nikiendelea hivi ataniombea nafasi ya uuguzi wa wagonjwa wa akili, na katika wasichana wa nchi hii nitakuwa mmoja wa wa kwanza. Nilisema ahsante.

Niliulizwa kama alicheka. Alicheka. Ningesema nini kingine? Nimelifikiria hilo kutwa. Swali lilikuwa dogo na jibu lilikuwa la kweli, na vyote viwili vimempeleka mtu mbali.

Nafasi ile naitaka. Naona haya kuitaka, lakini naitaka.

Alhamisi, 24 Juni.

Siku ya wageni. Mzee Kapera amekuja. Habari haikumfikia. Alileta kuku amefungwa miguu, akasema amemwiba nyumbani kwa Bi Mwajuma, anamletea amchungulie kwa mara ya mwisho kabla hajamla. Alisema hayo akiwa bado uani, kwa sauti, ili asikike mpaka ndani.

Nilitoka nikamweleza. Alikaa chini kwenye ngazi. Mimi nilikaa ngazi ya chini yake. Kuku alikuwa anahema.

Mwishowe aliuliza hiyo hospitali iko wapi hasa. Nikamwambia nilivyoelezwa na Sista, kwamba ni bara, kwenye njia ya reli.

"Hiyo hiyo ya Tabora?"

Nikasema hiyo hiyo.

Akafikiri. Akasema baada ya kuvuna atakwenda kwao. "Nitateremka hapo katikati, nimtukane kidogo, halafu nipande nyingine."

Nilimuuliza kama watamruhusu kuingia. Alisema hajui. Akaniuliza mimi, niliyesoma, mtu hufanyaje ili aruhusiwe. Nikamwambia nitauliza.

Kesho nitamuuliza Sista.