Mafuta ya Upako Ndani ya Kompyuta

Merigi, Alhamisi

Na bado sijampigia Kiprono simu. Nitaanzia wapi? Siku tatu nimemwita mwizi, nikisema RAM aliyoniuzia, zile kadi mbili za kumbukumbu ya kompyuta, ni mbovu, na leo nimejua hana kosa lolote.

Nimechoka. Kompyuta nimeiunganisha mwenyewe, ndiyo nifungue cyber nayo, lakini kila nikiwasha inalia pii-pii-pii na skrini ni nyeusi. Nilitoa RAM moja, nikaacha moja. Nikabadilisha nafasi. Nikatoa zote, nikarudisha. Pii-pii-pii.

Leo mchana nilichukua tochi nikamulika pale RAM inaingia. Palikuwa panang'aa. Nikagusa na kidole. Mafuta.

Mama alikuwa mlangoni anachagua maharagwe. Nikamuuliza nani amemwaga mafuta kwa kompyuta.

"Hakuna mtu amemwaga," akasema. "Nilipaka tu kidogo Jumapili, ile ya upako. Kitu mpya haiwezi kaa kwa nyumba bila kuombewa. Na wewe ulikuwa umeiacha wazi."

Sikuwa hata na nguvu ya kukasirika. Nilifuta kila mahali kwa pamba na spiriti, nikasugua meno ya RAM na raba ya kufutia penseli, nikangoja ikauke. Nilipowasha ililia mara moja tu, ikawaka.

Mama akainua mikono juu, machozi yanamtoka. "Si unaona? Mungu hachelewi!"

Nikasema amina. Halafu nikafunga kava kwa skurubu zote nne, nikakaza.