Mke Mdogo Ameitikia kwa Kichwa

Jumatatu, 19 Mei 2025

Upepo. Vumbi la Chang'ombe limeingia mpaka kwenye chai. Namshukuru Mungu meno yamebaki machache, limekosa pa kujificha.

Silvano amekuja na habari. Mwanangu huyu akiwa na habari, shikamoo yake inatoka kama kikohozi. Kasema mjukuu wangu Erica kapata mchumba. Yotham wa Mlali, yule mwenye mashine ya kukamua alizeti. Mkewe alifariki, hakumwachia mtoto. Mshenga amekuja kwa Silvano kwa kuwa yeye ndiye mjomba.

Nikamwambia Erica hawezi kupata mchumba, ana mume. Mimi hapa! Mama yake alipofariki nilimchukua akiwa mchanga, nikamtangaza mke mdogo. Hilda, mke mkubwa, hajawahi kupinga. Husema mchukue, labda yeye ataweza kukuogesha.

Silvano hakucheka. "Baba, utani weka kando. Nimemuuliza mwenyewe. Ameitikia kwa kichwa."

Erica hasikii. Homa ya utotoni ilichukua masikio ikatuachia mtoto—tukashukuru. Alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona sare za shule. Nikamrushia karanga. Ndivyo tunavyoitana tangu mdogo. Ikampata begani. Akageuka, akanirudishia. Ikanipata puani.

Shabaha anayo. Ila habari ya mchumba nikakosa namna ya kumuuliza. Tuna ishara za njoo, kula, mbuzi, mvua, bibi kakasirika. Ya Yotham hatuna, na kuandikiana hatukuwahi kuzoea.

Jumatano, 21 Mei

Leo nimefanya uchunguzi wangu. Nilikaa mbele ya Erica, nikamuuliza kwa mdomo, taratibu, uso wa heshima kama mzee wa kanisa: Babu yako ni mzuri kuliko malaika? Akaitikia kwa kichwa. Nikafurahi.

Mjomba Silvano ni punda? Akaitikia. Nikafurahi zaidi.

Tuichome moto nyumba hii na bibi yako akiwa ndani? Akaitikia, akatabasamu, akarudi kwenye cherehani.

Sikucheka tena. Tarehe 14 Juni wageni wanakuja. Mwali ataitwa mbele ya wazee, ataulizwa kama anawajua wageni hawa. Akiitikia, imekwisha. Vigelegele, mbuzi chini.

Na huyu mtoto anaitikia hata kuchoma nyumba.

Jumapili, 25 Mei

Nimemfuata Erica kanisani kwao, ambako viziwi wana mkalimani. Hilda kauliza tangu lini naenda ibada bila kuburutwa. Nikamwambia nimeokoka. Kacheka mpaka akashika ukuta.

Baada ya ibada wakakusanyika upande wa kivuli. Erica yuko katikati. Jamani! Yule mpole wangu wa barazani! Mikono inakwenda kama mvua ya Januari, nyusi zinapanda, mashavu yanajaa. Watu wamejishika mbavu. Akaigiza mtu ametanguliza tumbo, anatembea nyuma yake—Silvano, hata kipofu angemjua. Halafu akabana kitu kati ya vidole viwili, akakipeleka puani, akapiga chafya ya kupasua mtu, akafuta mkono kwenye suruali, akatazama pembeni kama bibi anamwona.

Huyo ni mimi na ugoro wangu!

Mkalimani akaja. Binti anaitwa Gladness. Anasikia vizuri, wazazi wake ndio hawasikii, wote wawili. "Shikamoo babu. Samahani—ni wewe Chafya?"

"Nani?"

"Ndilo jina lako hapa. Wote tunakujua. Habari zako huwa tunazisubiri Jumapili kwa Jumapili."

Haki ya Mungu nilitaka kulia kwa furaha. Miaka yote hii nadhani nalisha mtoto mnyamavu, kumbe nafuga mtani! Amenirithi mimi, na hakuna aliyeniambia.

Nikamwomba Gladness aniulizie lile la kichwa. Erica akajibu, Gladness akatafsiri: "Wakinizunguka wote midomo inachezacheza. Nikiitikia wanaondoka, naendelea na kazi yangu."

Na mjomba alipokuuliza habari ya Yotham?

Alidhani anauliza kama suruali ya Yotham iko tayari.

Gladness akamweleza suala lenyewe ni lipi, na siku yenyewe. Mikono ya Erica ikalala mapajani. Ikakaa hapo. Tumerudi nyumbani hivyo hivyo, sina cha kumrushia.

Alhamisi, 29 Mei

Nimemweleza Silvano. Kanijibu wageni wameshapewa siku, wazee wa Mlali wameshaalikwa, sasa tuwaambie nini—mwali alidhani ni suruali?

Ndiyo, nikamwambia. Waambie hivyo hivyo.

Hasira ikampanda. Kasema, "Baba, wewe unacheza. Mimi nikifa, na wewe ukifa, nani atamfungulia mlango usiku? Nani atamwambia kuna moto? Nataka awe na mtu." Akageuka kutazama mbuzi. Mwanangu huyu analia kwa kutazama mbuzi, ndivyo alivyo. Kwa kweli sikujua ana hofu hiyo.

Halafu akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: UNAMTAKA YOTHAM? Akamsukumia Erica.

Erica akasoma. Akachukua kalamu, akaandika taratibu: Nitajibu siku hiyo. Mbele ya wote. Kwa mikono yangu.

"Si angeandika tu hapo ndiyo au hapana!"

Nikamwambia posa si kituo cha polisi, watu waandike maelezo. Mama yako alijibu kwa mdomo wake mbele ya baba yangu. Tena alijibu kwa sauti kuliko ilivyotakiwa. Hilda kanipiga na kanga.

Silvano kakubali Gladness aje kutafsiri. Asante, Mungu. Na wewe Silvano, asante, japo tumbo lako linakutangulia.

Jumanne, 3 Juni

Naenda shule! Niliacha darasa la nne kwa sababu ya ng'ombe, uzeeni nimerudi kwa sababu ya mke mdogo. Mwalimu ni Erica. Fimbo yake ni karanga. Nikikosea, inakuja.

Vidole vyangu vimezoea jembe, vinakataa kutengana. Erica ananishika kimoja kimoja, anakipanga, anakisubiri. Hana haraka. Mimi nilimfundisha kutembea uani hapa hapa, namshika vidole hivi hivi. Basi. Nisije nikaanza kuandika kama mchungaji.

Hilda alijifanya anachambua mlenda, kumbe anatuchungulia. Sasa anajua kuliko mimi! Jana kanitukana kwa mikono kutoka jikoni, na Erica kamsahihisha ili tusi likae vizuri.

Nimejua pia habari ya suruali. Yotham huleta mafuta ya alizeti dukani hapo jirani. Kila akija, suruali imechanika. Erica ananionyesha: kitambaa kilichochanika chenyewe huacha nyuzi zimechakaa, hivi. Za Yotham zimekatwa na wembe. Safi! Mwanamume mzima anachana suruali nzima ili aishonewe. Anakaa kwenye benchi, anasubiri, hasemi kitu. Hajui aseme vipi.

Nikamuuliza Erica: wewe unaonaje? Akapandisha bega. Akaniwekea karanga mkononi, nile ninyamaze.

Jumatatu, 9 Juni

Mgongo. Nimelala kutwa. Erica kaleta uji, tukapiga soga. Soga! Kanisimulia shule ya bweni alivyolia wiki nzima, hana wa kumwambia anarudi lini nyumbani. Halafu kaona watoto wanaongea kwa mikono uwanjani. Hakutaka tena kurudi. Mengine sikuyashika, nikamwomba arudie. Akarudia.

Ningekufa mwaka jana nisingeyajua haya. Asante kwa mgongo.

Ijumaa, 13 Juni

Nyumba haikaliki. Wanawake wanapepeta mchele, Silvano anapanga viti, anavipangua. Mshenga kapiga simu mara tatu kuuliza kama njia ni ile ile. Njia iende wapi?

Gladness alipita jioni. Kanipa onyo: "Babu, ukimuuliza kitu mbele za watu, usimuulize swali la kuitikia. Macho yakiwa mengi, kichwa chake kinaitikia chenyewe, ni mazoea. Muulize swali ambalo kichwa hakiwezi kulijibu."

"Nimuulize nini?"

"Muulize anataka nini."

Tumelifanyia mazoezi mpaka Hilda akasema inatosha, mikono yangu itakauka kabla ya kesho.

Jumamosi, 14 Juni, asubuhi

Gladness haji! Kapiga simu alfajiri. Mama mmoja asiyesikia kashikwa na uchungu, yuko hospitali, hakuna mwingine wa kumwelewa. Kaomba radhi sana. Nikamwambia kaa hapo hapo, mtoto hasubiri posa.

Silvano kashika kichwa. "Sasa nani atatafsiri?"

Wote wakanitazama. Mimi! Mwenye maneno ya kutosha kuomba uji na kutukana.

Erica kavaa gauni aliloshona mwenyewe. Kanitengeneza kola. Mikono yake ni ya baridi.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana

Wageni wametoka nje kushauriana. Niko kwenye kigoda karibu na dirisha, naandika haraka.

Walikuja na salamu za Mbukwa nyingi, tukawaitikia, wakakaa. Yotham kavaa suti inayombana kwapani. Suruali haijachanika, nimeikagua. Mshenga kasema maua yao yameona bustani, ng'ombe wao wameona majani, sijui nini na nini. Anapenda sauti yake.

Erica akaitwa. Akapiga magoti katikati ya mkeka. Silvano akasimama, na kwa kuwa binti hasikii, akapaza sauti kama anafukuza nyani: "ERICA! UNAWAJUA WAGENI HAWA?"

Macho yote kwake. Ndugu wa Mlali, ndugu zetu, wanawake mlangoni na midomo tayari.

Akaitikia kwa kichwa.

Vigelegele! Shangazi wa Yotham kashaanza kucheza. Mshenga kashika begi la mahari. Nikamwona Erica anatazama midomo huku na huku, ametabasamu lile tabasamu la kuchoma nyumba.

Nikafanya nilichoweza. Nikaenda nikajilaza mlangoni, chali, na suti yangu ya Pasaka.

"Mke wangu hatoki!" nikapiga kelele. "Mnamwiba mchana kweupe na mumewe yupo! Atanivuka maiti!"

Watu wakacheka. Hakuna wa kumkasirikia babu kwa mke wake mdogo, hiyo ni haki yangu tangu mababu. Mshenga naye anaijua kazi yake, akaja na blanketi. "Mzee Bartolomayo, tunakufunika, tunakuomba utupishe." Sitaki. Akaongeza ugoro, wa Kongwa, wenye harufu ya kufufua mtu. Lo, nilijaribiwa! Nikasema sitaki ugoro, nataka mke wangu aniage kwa mikono yake, ndipo nitainuka.

"Baba," Silvano kaninong'oneza, "inuka, unatuaibisha." Nikamwambia kaa, nakufanyia kazi yako.

Nikageuza uso kwa Erica. Nikiwa chini hivyo hivyo, nikainua mikono, na vidole vikanikubalia. Wewe. Unataka. Nini?

Akatazama mikono yangu. Tabasamu likatoka. Uso wake wenyewe ukaja, ule wa Jumapili.

Akainuka kutoka magotini—wazee wakaguna—akamgeukia Yotham. Akasema jambo kwa mikono. Sikulishika. Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu, ananisubiri kama anavyonisubiri siku zote. Hilda kutoka kwa wanawake akanitupia neno lililonipita. Tukaliunga sisi wawili, mke mkubwa na mimi, nikalisema kwa sauti:

"Anauliza: Siku nikikataa jambo, utajuaje kwamba nimekataa?"

Shangazi kashusha mikono.

Mshenga akaruka. "Atajua! Huyu ni mtu mwelewa, atajua tu, atajifun—"

Erica akamwinulia kiganja. Hicho hakihitaji mkalimani. Halafu kidole kwa Yotham. Yeye.

Yotham akasimama. Akamtazama mshenga. Akatoa mikono mfukoni. Mikubwa, myeusi kwa mafuta ya mashine. Akaitazama kama kaazimwa. Akasema polepole, "Sijui. Kwa sasa nisingejua."

Nikampelekea Erica: Anasema hajui.

Erica akamwonyesha kitu kidogo. Mkono mmoja, mwendo mmoja, mfupi. Hapana. Akamwashiria: wewe. Yotham akajaribu, vidole vikaenda kama mwiko kwenye ugali mgumu. Erica akakataa. Akajaribu tena. Akakataa, akampangia kidole gumba, kidogo tu, akarudi nyuma. Ndipo mshenga akaomba watoke wakanong'one. Wametoka na ndugu zao wote.

Silvano kakaa pembeni yangu. Anauliza, "Sasa ni ndiyo au ni hapana?" Nikamwambia muulize mwenyewe. Katazama mikono yake. Halafu kaniuliza, kwa sauti ndogo, lile la "unataka nini" linaanzaje. Nimemwonyesha. Tumbo linamzuia kidogo.

Nje wazee wanabishana karibu na tangi la maji. Shangazi anasema mwali hana adabu. Mwingine anasema ana akili. Yotham hayupo nao. Kaenda nyuma ya tangi, kaugeuzia ukuta uso. Namwona kutoka hapa. Ameinua mkono wa kulia. Anajaribu ile hapana. Kakosea. Anajaribu. Gumba linamsumbua—gumba, bwana, gumba liingie ndani—

Karanga imenipiga kisogoni. Erica yuko nyuma yangu, sijui tangu lini, naye anatazama dirishani.