Kilemba cha Ibadan Huku Kabiro

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijazifungia nguo zangu sandukuni.

Mimi ni Mnaijeria, Myoruba wa Ibadan, niliolewa na Chege, Mkikuyu, alipokuwa akisoma kwetu na sasa tunakaa kwao, Kabiro, na kila siku navaa kama nilivyolelewa, kitambaa cha kujifunga kiunoni, blauzi pana na kilemba tunachokiita gele, hata nikienda bombani, na kila siku wauza mboga wananiuliza, "Mama, leo ni harusi ya nani?" Nacheka nao, nikifika nyumbani nalia.

Nilipojifungua binti yetu, Wangoi, mama yangu alinitumia jora la adire, kitambaa chetu cha buluu, nikawakatia majirani zangu Wagaki, Rahab na Ndunge, kwa sababu kwetu ukimpa mtu kitambaa cha sherehe yako anakishona, na siku ya mtoto kupewa jina mnavaa sare, ndipo watu wajue hawa ni watu wako. Siku ikafika, wakaja na magauni yao ya kanisani, adire nimevaa peke yangu. Sikuuliza. Baadaye nikamkuta Wagaki amembeba mtoto wake mgongoni kwa kitambaa kile, akaniambia, "Mama Wangoi, hii kitambaa yako iko nguvu! Hata akirukaruka haipasuki." Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Hapo awali, nilipotoka tu kujifungua, majirani hao walikuwa wakiniletea sufuria za maharagwe meusi, nikaona wananihurumia kama maskini, nikawa nampa Chege anakula. Chege anasema nivae gauni kama wengine, watu wataacha kuniangalia. Lakini nikizivua hizi, nani hapa atajua kwamba nami nina kwetu? Je, nizivue?

Mpweke, Kabiro, 1976

Mpweke, pole sana dada yangu. Ugeni ni mzigo, na siucheki wako. Ila nitakugombeza, maana sehemu ya upweke huu umejipikia mwenyewe.

Kitambaa uliwapa, je, uliwaambia ni cha nini? Hukusema. Wangejuaje? Wagaki alipata kitu kizuri akamfungia mtoto wake. Angekidharau, angekifanya tambara la kupigia deki.

Na yale maharagwe meusi ni njahi. Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua, apate nguvu na maziwa. Hapelekewi mtu asiyetakiwa! Wao walikuita mwenzao kwa sufuria, wewe ukawaita kwa kitambaa, na hakuna aliyeitika. Chege, aliyejua mila za pande zote mbili, alikuwa akitafuna tu. Mwambie nimesema aone haya.

Nguo usizivue. Wa sokoni wakiuliza harusi ni ya nani, wajibu, "Yangu, zawadi ziko wapi?" Huo ni utani, na hawamtanii wasiyemzoea.

Kesho funga gele yako vizuri, ubishe kwa Wagaki. Mwombe akupikie njahi, na safari hii uzile mwenyewe. Ukishiba, mweleze kitambaa kile kilikuwa cha nini. Najua atashika mdomo, atataka kukimbilia kwa fundi. Mkataze. Jifunge adire yako, mbebe Wangoi mgongoni, naye abebe wake kwa ile yake, mwende bombani pamoja. Sare yako ndiyo hiyo, na imeshavaliwa siku zote ulizojifungia ndani.