Kwa Fusae Uramoto, Mpishi wa Gobo

Mwaka mzima umekatika, Fusae, tangu ulipotuacha, na jiko letu hapa Kumamoto halijazoea mikono mingine.

Ulikuwa mtu wa kupima. Mchele ulipima, chumvi ulipima, hata hadithi za mumeo Tokuji, dereva mstaafu wa tramu, ulizipima ukazikuta nyepesi. Majirani walikuletea paka na samaki wa bakulini wakiwa hoi, uwalishe mpaka wapone. Tokuji anaapa kwamba samaki mmoja aliondoka kwako akitembea.

Gobo, feret wetu, yule jamaa ya kicheche mwembamba kama soksi, ulimpenda kama mtoto wa uzeeni. Alipoanza kujikuna hadi mkia ukabaki kama wa panya, daktari alisema kuna chakula kinamdhuru, labda kuku au mayai. Ukaacha kuku na mayai. Ukamsagia nyama ya farasi peke yake, na moyo na ini la farasi huyo huyo, wiki nane bila kuchanganya kitu kingine, kila mlo ukiuandika daftarini. Akazidi kujikuna. Ukahamia sungura, kisha kulungu. Wapi.

"Baba Chinatsu, kuna kitu unampa huyu?"

"Mimi? Ananyoa kwa sababu ya joto tu. Zamani nilipakia feret kipara, akashuka kituo cha mwisho na manyoya mpaka kwenye nyayo."

"Hiyo tramu yako ilibeba kila kitu isipokuwa ukweli."

Ukacheka, ukarudi kusaga.

Kitu alikuwa anampa. Kila asubuhi ulikaanga yai tamu la kukunja, ukaweka kipande kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya marehemu mama mkwe wako. Kikishushwa hakitupwi, mwanawe ndiye wa kukila. Tokuji hapendi yai lenye sukari tangu utotoni, lakini angeanzaje kukuambia, nawe unamheshimu mama yake kiasi hicho? Yai likawa linapita chini ya meza, kwa Gobo. Mwanzoni hakujua. Daktari alipotaja mayai, alijua. Akajiambia kipande chenyewe ni kama ukucha.

Daktari aliuliza pia kama kuna mtu anamlisha kwa siri. Ukamjibu, "Kwangu hakuna mtu wa hivyo." Tokuji alikuwa ameketi ubavuni pako, akaangalia viatu vyake.

Hospitalini, siku mbili kabla ya moyo wako kusimama, chumba kikiwa na majirani, ulisema, "Labda ni ini nililokosea. Gobo anisamehe."  Tokuji akakuwekea mto vizuri.

Ulipoondoka, hakuna aliyekaanga yai tena. Binti yako Chinatsu alifungua daftari lako mwanzo kabisa, akamlisha Gobo nyama ya farasi kama ulivyoandika. Wiki ya sita mkia ukaota manyoya.

"Baba, mbona amepona sasa?"

Tokuji akamweleza yote. Chinatsu akalifunga daftari.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mwambie mama. Tena mbele ya wale waliomsikia akijilaumu."

Ndiyo maana tangazo hili, Fusae, limechelewa na lina aibu ndani yake. Majirani na wasome: ini halikuwa na kosa. Nyama ya kwanza uliyoichagua ndiyo iliyomfaa Gobo. Ulipatia tangu siku ya kwanza. Aliyekosea ni Tokuji, na akakuacha uende ukidhani ni wewe.

Unakumbukwa na mumeo Tokuji, binti yako Chinatsu, mkweo Shigeki, dada yako Kimie, na Gobo, ambaye hana alichohitaji kukusamehe.

Maadamu tupo, hutasahaulika.