Walinzi Wameanza Kunisikia

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemdanganya mama Zuhura tena. Aliuliza kutoka jikoni kama nimeminya mpira mara ishirini. Nikajibu ishirini na mbili. Mpira wenyewe uko kwenye kopo la vifungo tangu Ijumaa. Siupendi. Fundi niliyeshona nguo miaka thelathini nikae kitako nikiminya mpira wa watoto, kisa mtaalamu wa mazoezi pale hospitali kasema.

Nimecheza gemu badala yake. Padi nayo inaminywa.

Naandika humu kwenye daftari la vipimo kwa sababu hakuna wa kupimwa. Kiharusi kilinipata Machi. Uso umerudi, mguu umerudi, mkono wa kushoto bado. Gumba lina ganzi. Juzi nililibana kwenye droo nisijue mpaka nilipoona damu. Na cherehani haiendi kwa mkono mmoja. Wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto ndio unaongoza kitambaa. Bila wa kushoto, kitambaa kinajiendea kinakotaka.

Mei mama Zuhura akaweka runinga mbili na padi nne za gemu za kulipia dukani kwangu. Hakuniuliza. Cherehani akaisukuma kwenye kona, akaifunika kanga. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne dereva mmoja wa bodaboda akanipa padi nimshikie apokee simu. Aliporudi sikumpa.

Jumanne, 5 Agosti

Marwa alikuja saa nne, na harufu yake ya zizi. Rafiki yangu tangu tuna nywele. Anafuga huko pembeni mwa Turwa na hana shughuli yoyote hapa mjini Tarime, lakini kila siku mbili lazima aje alivae koti lake mbele ya kioo. Koti halina mikono. Nililikata Februari, nikaunga mgongo na kifua, kisha nikaanguka. Linaning'inia ukutani tangu hapo. Kijana wake anaoa Mugumu tarehe 30 mwezi huu, na baba mtu anataka kwenda nalo.

Nimemwambia kuna mafundi wasiopungua kumi kati ya hapa na stendi. Akasema hawafahamu. Anawafahamu wote. Mmoja ni shemeji yake.

Kisha akacheza. Gemu letu ni lile lile. Mtu anaingia ngomeni kumtoa ndugu yake aliyefungwa. Humo mna walinzi, wana taa na wana masikio. Ukikanyaga kwa kishindo wanasikia, wakisikia wanakuja wote. Akili yake ni kupita bila kusikika. Marwa hataki akili. Anaingia lango kuu anapiga kila anayemwona, anakufa hata ua wa kwanza hajaumaliza, anaanza upya. Anasema mwanamume aliyeingia jandoni hajifichi nyuma ya pipa. Leo amekufa mara kumi na moja. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sijacheka hivyo tangu Machi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepita ghala la ngomeni. Walinzi tisa, hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Madereva wa bodaboda waliacha wateja wao nje wakaja kusimama nyuma ya kiti changu. Walikuwepo pia wachimbaji wawili kutoka Nyamongo, walisikia habari zangu huko huko. Wananiita Mzee Paka. Wakaniomba niwafundishe. Nitafundisha nini? Kijiti cha kushoto ndicho kinachomtembeza mtu, na gumba langu halina nguvu ya kukisukuma mpaka mwisho. Kinakwenda nusu, mtu wangu anakanyaga polepole. Wao wanasukuma kwa pupa, wanakimbia, wanakamatwa.

Nimefurahi kijinga. Kuna kitu kimoja duniani ninachokifanya vizuri zaidi yao.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala alikuja mama mmoja fundi kutoka Sirari. Anatafuta cherehani ya miguu ya zamani, chuma kizito. Yangu aliisikia sokoni. Baba alikuja nayo kutoka Tanga, akaisafirisha kwa treni na meli kabla mimi sijazaliwa. Mama yule akaifunua, akaizungusha gurudumu, akaisikiliza. Anajua kazi. Hilo liliniuma zaidi. Angekuwa mjinga ningemkatalia.

Nimekubali. Atakuja kuichukua Jumamosi tarehe 23.

Mama Zuhura alileta chai, akaiweka, akatoka. Huyu mwanamke akinyamaza ni afadhali apige kelele.

Nimejiambia ukweli. Mkono una miezi mitano. Ungekuwa wa kurudi ungesharudi.

Jumatatu, 11 Agosti

Ua wa pili, safi. Marwa amekufa mara saba. Anasema mimi natembea kama mwizi wa ng'ombe. Nikamuuliza anajuaje wanavyotembea. Akasema aliibiwa wanne, na asubuhi yake alizisoma nyayo. Siku nzuri.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeonekana.

Ghala lile lile. Walinzi wale wale tisa. Wa tatu aligeuka nikiwa sijamaliza hatua mbili. Nikarudia. Akageuka tena. Vijana wakasema gemu ina wivu leo.

Alhamisi, 14 Agosti

Mara tano. Hata yule mlinzi mzee wa langoni anayesinzia, ambaye kila mtu anampita, kaamka.

Sijabadilisha kitu. Nakaa kiti kile kile, padi ile ile. Mtu wangu haendi ninavyotaka. Namtuma taratibu, anaruka. Nikiangalia gumba, silihisi, kama kawaida. Kwa hiyo kosa liko huko. Hospitali walinionya kwamba kiharusi huwa kinarudi, na cha pili hakipigi hodi.

Naogopa. Nimeandika mara moja, inatosha.

Sijamwambia mama Zuhura. Ameniuliza kuhusu mpira, nikasema ishirini na tano. Naongeza hesabu kila siku, siku moja atanishtukia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemvunjia Marwa heshima. Alilivaa koti kama kawaida, akageuka mbele ya kioo, akauliza kama mikono itakuwa na vifungo viwili au vitatu. Nikamwambia achukue kitambaa chake aende kwa shemeji yake, mimi siyo fundi tena, cherehani imeuzwa, na aache kuja kunitazama kama mgonjwa. Gemu tu ndiyo iliendelea kupiga kelele.

Marwa alilivua, akalirudisha kwenye msumari, akalinyoosha mabega. Akaondoka bila chai.

Jumatatu, 18 Agosti

Marwa hajaja.

Mkono nimeuweka mfukoni siku nzima. Mama Zuhura kaniuliza mbona sichezi. Nikamwambia kelele zimenichosha. Akanitazama sana.

Jumatano, 20 Agosti

Hajaja. Koti liko ukutani. Nimempigia binti yetu Zuhura, yuko Mwanza, tukaongea habari za mvua.

Alhamisi, 21 Agosti

Marwa amekuja. Kabla hajakaa aliweka kibuyu cha maziwa mgando kwenye kaunta. Hiyo ndiyo salamu yake mtu akimkosea. Nikamwomba radhi, akasema wakati ule alikuwa na njaa hakusikia vizuri.

Akataka nicheze. Nikakataa. Akasema amefunga safari toka zizini kuja kumwona Mzee Paka, siyo kumwona mimi. Hapo nikamweleza yote. Kwamba walinzi wameanza kunisikia. Kwamba mkono unarudi nyuma, na safari hii utaondoka na mimi mzima. Kwamba cherehani inakwenda kesho kutwa, na bora iende.

Akasema cheza. Nikacheza. Nikakamatwa ghalani, mlinzi wa pili. Nilipogeuka nikaona hakuwa anatazama runinga. Alikuwa anatazama gumba langu.

Akachukua padi mkononi mwangu akaiweka chini. Akanipa vidole vyake viwili, akaniambia nibane. Nikabana.

"Mura, kijana wewe, unaniumiza," alisema.

Nilidhani ananidhihaki. Akatoa vidole, vilikuwa vimebaki na alama nyeupe.

Kisha akanisimulia habari za ng'ombe wake mmoja aliyeteguka nyonga. Miezi minne yule ng'ombe alikuwa mpole kuliko wote zizini. Mke wa Marwa akawa anamkamua bila kumfunga, wakamsifu kwa majirani. Asubuhi moja akapiga ndoo teke, maziwa yote chini. Mke akalia. Marwa akachinja kuku, nyonga imepona.

"Hukuwa unapita kwa akili, Fundi. Ulikuwa unapita kwa udhaifu. Sasa unakisukuma kile kijiti mpaka mwisho, mtu wako anakimbia, ndiyo maana wanakusikia."

Wiki nzima nilikuwa nazika mkono uliokuwa unafufuka.

Nililia mbele ya madereva wa bodaboda na sijali.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemwambia mama Zuhura. Nimemwambia na ya mpira pia. Ya mpira alikuwa anajua. Aliuona kwenye kopo wiki ya kwanza alipotafuta kifungo. Alinyamaza kwa sababu kila akichungulia ananikuta na padi, kidole gumba kinafanya kazi, akaona ya nini kuharibu.

Baada ya swala nikaifunua cherehani. Nilitegemea vumbi na kutu. Mkanda ulikuwa laini, vyuma vinateleza. Kuna mtu amekuwa akiitia mafuta tangu Machi. Humu ndani tuko wawili, na mimi siyo.

Nimeshona kipande cha khaki. Mstari umepinda vibaya sana. Mkono wa kushoto unavuta kupita kiasi, hauna habari na nguvu zake. Nikashona kingine, kimepinda kidogo. Cha tisa kilikuwa mstari.

Kesho yule mama anakuja na nilishampa neno langu. Sijui nitamwambia nini. Mtu mzima kurudi nyuma kwenye neno lake ni aibu.

Jumamosi, 23 Agosti

Saa tatu nilianza mkono wa kulia wa koti. Nilitaka niushone kwa cherehani hii kabla haijaondoka, angalau mmoja. Saa tano mama wa Sirari akafika na pikapu na vijana wawili wa kubeba. Sikusimama. Kama ningesimama katikati ya mviringo wa bega, nisingeweza kurudi. Nikamwambia samahani mama, nivumilie kidogo.

Akavuta kigoda akakaa. Alitazama mikono yangu tu, kama mimi ninavyotazama fundi mwingine. Bega likanishinda mara mbili, nikafumua, nikarudia. Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, chai imeshapoa. Walinzi wa kwenye runinga wakapigwa na vijana bila mtu kuwatazama.

Nilipokata uzi, nikamgeukia yule mama niseme lile la aibu. Alinitangulia.

"Wacha tu, mzee. Hii mashine bado iko na mwenyewe."

Akachukua koti, akakagua bega kwa kidole, akasema mshono wa chini niufumue, umebana. Kweli umebana. Akanywa chai ya baridi akaenda zake na pikapu tupu. Mama Zuhura amemfungia maandazi yote ya nyumba hii.

Jumatano, 27 Agosti

Mkono wa pili umekuwa kazi ya siku tatu. Gumba linachoka, napumzika, narudi. Marwa hakutakiwa kuuona mpaka uishe, kwa hiyo alikaa gemuni akipigwa. Nimemtangazia leo saa tisa. Akalivaa. Akainua mikono yote miwili juu, akaishusha, akaiinua tena, watu wazima tumesimama tunamwangalia.

Wa kushoto umezidi kwa upana wa kidole. Nikasema nitaufupisha. Akakataa. Amesema nikiugusa atanishitaki kwa wazee.

Jumapili, 31 Agosti

Marwa amerudi kutoka Mugumu. Harusi ilikwenda salama. Ndugu wa bibi harusi waliuliza kuhusu ule mkono mrefu, akawajibu ndivyo mafundi wakubwa wa Tarime wanavyoshona sasa. Mmoja wao anataka apimwe koti. Nimefungua ukurasa mpya kwa ajili yake, huku kwenye daftari, upande wa kushoto ambako vipimo hukaa.

Mchana duka lilikuwa tulivu, madereva wameenda mnadani. Mama Zuhura akakaa kiti cha pili, akashika padi, akaniuliza unaingilia wapi. Nikamwonyesha. Tukaingia ghalani. Mlinzi wa kwanza akanisikia, wa pili akanisikia, wakaja wote tisa. Mzee Paka amekwisha. Yeye alikuwa amejificha nyuma ya pipa anacheka.

Mpira nimeutoa kwenye kopo la vifungo. Mara ishirini. Mama Zuhura alikuwa anahesabu.